Nimevuka Bahari Kuangalia Kabichi

Mtu aliyezaliwa Lushoto hapaswi kulipishwa ili aone ukungu. Ukungu nimeukuta nyumbani. Nimekwenda nao shule alfajiri, umenilowesha sweta, umenikohoza, na siku moja ulimficha mbuzi wa babu mpaka nikachapwa mimi. Nilipopata kazi Dar es Salaam niliapa kwamba mimi na huo mdudu basi. Tangu hapo ni joto, jasho na feni, nami nimetulia.

Sasa mpwa wangu kahitimu chuo Coimbatore, kusini mwa India, na dada yangu, ambaye ndiye mama yake, akaamua kwamba ukoo lazima uwakilishwe. Nikauwakilisha. Mahafali yalikwenda vizuri, biriani tulikula, picha tulipiga. Hesabu yangu ilikuwa kukaa hotelini chini ya kiyoyozi hadi siku ya ndege. Jioni mpwa akaja na tangazo.

"Anko, kesho alfajiri tunapanda Ooty."

"Kuna nini huko?"

"Milima! Baridi! Mashamba ya chai! Na ukungu, Anko, yaani unaugusa kwa mkono."

Nikamgeukia dada. Huyu ni mtu niliyelala naye chini ya blanketi moja utotoni, tukigombea upande wa jikoni kwa sababu ndiko kulikokuwa na joto. Nilitegemea aangue kicheko. Dada akashika kifua, akasema, "Jamani, ukungu!"

Nikajua nimeshaisha.

Treni ya kwenda juu inaondoka Mettupalayam, kwenye miguu ya milima ya Nilgiri, saa 1:10 asubuhi. Reli hii ilifika Coonoor mwaka 1899 na Ooty mwaka 1908, na tangu 2005 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, jambo ambalo mpwa alinikumbusha kila nilipolalamikia kiti. Ina kilomita 46, kona 208, mahandaki 16 na madaraja 250, na inakutoa mita mia tatu na kitu juu ya usawa wa bahari hadi mita 2,200. Safari nzima ni saa tano kasoro kidogo. Nikapiga hesabu palepale behewani: haifiki hata kilomita 10 kwa saa.

Sababu wanayo. Mlima umesimama wima, kwa hiyo katikati ya reli mbili wameweka nyingine yenye meno, na chini ya kichwa cha treni kuna magurudumu ya meno yanayoing'ang'ania, jino kwa jino, ili tusirudi Mettupalayam bila kupenda. Kichwa chenyewe ni cha mvuke, na hakivuti, kinasukuma kutoka nyuma. Kwa maneno mengine, dereva yuko mkiani na mbele haoni kitu. Kwenye kibaraza cha kila behewa amesimama mtu wa breki na bendera zake, nyekundu na kijani, na ishara inapokezwa kutoka behewa la mbele mpaka imfikie mwenye kuendesha. Utaratibu huu umedumu zaidi ya miaka 100 bila mtu kulalamika. Mimi ndiye wa kwanza.

Dada alikuwa kimya muda wote, kitu kisicho cha kawaida, kumbe alikuwa akikagua paa.

"Ndiyo hii," akasema.

"Ndiyo hii nini?"

"Treni ya Shah Rukh Khan."

Na ni kweli. Ule wimbo wa Chaiyya Chaiyya wa kwenye filamu ya Dil Se ya mwaka 1998, ambao Shah Rukh Khan na Malaika Arora wanaucheza juu ya mabehewa, ulipigwa kwenye reli hiihii. Miaka ile tuliuangalia kwa kanda ya video mpaka deki ikaitafuna kanda, nami nilimheshimu sana yule bwana kwa ujasiri wake. Heshima hiyo nimeifuta rasmi. Kwa mwendo ule mtu anaweza kushuka kutoka kwenye paa, akachuma ua, akanunua kahawa, akapanda tena bila wimbo kukatika.

Tulipofika Coonoor wakakibandua kichwa cha mvuke, wakabandika cha dizeli. Abiria wote wakashuka kupiga picha kile kinachoondoka. Cha dizeli, kilichotufikisha, hakikupigwa hata moja.

Shemeji yangu hakupanda treni. Yeye ni mtu wa magari, akakodi gari ili apande nalo na mizigo, akatuaga kwa kutuhurumia. Hakujua kwamba magari ya wageni hayaingii Nilgiri hivihivi. Tangu Mei 2024, kwa amri ya Mahakama Kuu ya Madras, kila gari linaombewa kibali mtandaoni, na mwaka 2025 mahakama ikaweka kikomo kwa msimu wa joto: magari 6,000 siku za kazi na 8,000 mwisho wa wiki. Huo ndio upunguzaji wenyewe! Magari elfu nane kwa siku, kwenye mji uliojengwa wakati watu wanatembea kwa farasi. Shemeji alikaa pembeni ya barabara akihangaika na simu ili apate kibali, na alipokipata wakampekua. Chupa za maji za plastiki zimepigwa marufuku wilaya nzima, na shemeji hasafiri bila katoni ya maji. Aligoma kuyaacha bure. Akasimama kizuizini, mbele ya askari, akanywa alizoweza. Alifika Ooty baada yetu, na kabla ya salamu akauliza choo kiko upande gani.

Niseme ukweli, amri yenyewe ni nzuri, na makorongo yalikuwa safi kiasi cha kumuudhi mtu aliyejiandaa kulalamika.

Chanzo cha yote haya ni Wazungu kushindwa na joto. John Sullivan, mtawala Mwingereza wa wilaya ya Coimbatore, alipanda huku mwaka 1819, akapapenda, akajenga, na miaka ya 1820 akatengenezesha ziwa ambalo leo lina vimashua vya kukanyaga pedali. Baadaye serikali nzima ya Madras ikawa inahamia Ooty kila kiangazi na mafaili yake. Wenzao walikuwa na Darjeeling upande wa mashariki, na kaskazini Mussoorie na Shimla. Hao wa Shimla ndio walipitiliza: kuanzia 1864 ilikuwa makao makuu ya kiangazi ya India nzima, ikimaanisha serikali ilifungasha Calcutta, ikasafiri zaidi ya kilomita 1,500, ikafungua, na baada ya miezi kadhaa ikafungasha tena kurudi. Kila mwaka! Sisi kuhamia Dodoma mara moja tu tuliamua mwaka 1973, na mpaka leo kuna watu wanatafuta makatoni.

Wajerumani nao walifanya mambo hayohayo kwetu. Lushoto wakaiita Wilhelmstal, wakawa wanapanda kupunga upepo. Babu zetu walikuwa wakiishi humohumo kwenye upepo, lakini wao hawakuhesabiwa kuwa wanapumzika. Nasikia raha kidogo kujua kwamba Watoda wa Nilgiri, waliokuwepo na nyati wao wa kufugwa kabla Sullivan hajafika, nao hakuna aliyewaarifu kwamba wako likizo.

Basi. Ooty huangalii milima, unapelekwa kwenye pointi. Dereva wa teksi ana kadi iliyotiwa nailoni, ina pointi saba, bei moja, na ukizubaa pointi moja inakatwa. Nilimwambia mimi nataka kukaa tu mahali nitazame. Akaipitia kadi yake, akanijibu kwa upole kwamba hiyo haimo.

Pointi ya kwanza ilikuwa Doddabetta, mlima mrefu kuliko yote ya Nilgiri, mita 2,637. Foleni ya magari ilianzia chini, injini zote zinanguruma, hewa safi tuliyoifuata ikinuka dizeli. Kileleni tukakuta ukungu. Mweupe, mzito, wa kwetu kabisa, nusura niuulize habari za nyumbani. Kuna jumba la darubini pale, na watu walikuwa wamepanga mstari. Nikamuuliza mkata tiketi tunakwenda kuona nini.

"Bonde, sir."

"Leo linaonekana?"

"Leo hapana, sir."

Akanipa tiketi. Nikainama kwenye darubini, nikafumba jicho moja kama walivyoelekeza. Ukungu uleule, sasa umekuzwa.

Kuna pointi nyingine wanaiita Shooting Point, vilima vya majani matupu ambako nyimbo nyingi za filamu zimepigwa. Siku hiyo hakukuwa na filamu. Kulikuwa na majani, farasi wa kukodi, mhindi wa kuchoma, na akina baba wenye vitambi wakiteremka mbio huku wamefungua mikono, wake zao chini wakiwarekodi. Dada alimtuma shemeji naye ateremke. Video ipo kwenye kundi la ukoo, anayetaka ataiona. Msitu wa misonobari niligoma kushuka garini. Nikasema misonobari ya Shume inanitosha.

Lakini iliyonishinda ni bustani ya mimea. Ni bustani ya serikali, ilianzishwa mwaka 1848, na Mei huwa na maonyesho ya maua ambayo watu wanatoka mbali kuyafuata. Wana kipande cha mti kilichogeuka jiwe, umri wake wanasema ni miaka milioni 20. Nikakisogelea, maana nakipenda kitu kilichokaa mahali pamoja. Nilikuwa bado nakisoma, kijana mmoja akaniomba picha. Nikanyoosha mkono nichukue simu nimpige na familia yake. La hasha, anataka apige *na mimi*. Akapiga. Akaja kaka yake. Akaja bibi yao, akanishika mkono kwa nguvu, akatazama kamera kwa uzito wote. Halafu mtoto mchanga akawekwa kifuani kwangu bila maelezo, akalia, akaondolewa, akaletwa mwingine.

Nikageuka kumtafuta dada aniokoe. Dada, na kitenge chake cha mahafali, alikuwa na foleni ndefu kuliko yangu, na alikuwa ameshaanza kuipanga: akina mama huku, watoto mbele, mwenye kofia avue. Mti wa miaka milioni 20 ulibaki peke yake. Dereva alikuja kutuambia muda umekwisha, akatazama ule umati, akanyamaza, na nina hakika alikuwa akiwaza kuongeza pointi ya nane kwenye kadi.

Usiku sitaueleza sana. Maji ya moto yalikuwa saa 12 hadi saa 2 asubuhi, blanketi la tatu lilikuwa na bei yake, na chumba hakikuwa na hita kwa sababu, mwenye nyumba alisema, wageni wanakuja kufuata baridi. Shemeji alilala na viatu.

Kesho yake tulishuka kwa gari. Kwenye bonde la Ketti dereva akasimama bila kuambiwa. Basi mbili zilikuwa zimeshasimama, watu wamejipanga ukingoni, simu juu, wengine wanapiga kelele za furaha. Nikachungulia. Matuta yameshuka mteremko mzima, ngazi kwa ngazi, udongo mwekundu, mama mmoja kajifunga kitambaa kichwani kainamia jembe. Kabichi. Pembeni karoti, na juu yake mikaratusi.

Bibi yangu alilima kabichi za namna ile maisha yake yote, kwenye mteremko wa namna ile, akizibeba kichwani mpaka barabarani zikashushwe Mombo. Barabara ile ina kona za kutosha na watalii wanapita. Hakuna hata gari moja lililosimama kumshangilia. Nilimweleza dada hayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sogea kidogo, unaniharibia picha."

Tulipopita Coonoor alinunua mafuta ya mikaratusi, chokoleti za kutengeneza nyumbani, fungu la karoti na majani yake, na kilo nne za majani ya chai.

"Ya nani hayo?"

"Ya Mama."

"Dada, Mama akifungua dirisha la jikoni anatazamana na chai ya Mponde."

"Hii ya India. Na wewe begi lako lina nafasi."

Karoti alizitafuna zote kabla hatujafika Mettupalayam, akisema hajawahi kuonja karoti tamu vile, binti wa Lushoto huyo. Shemeji alikuwa amelala. Mpwa, kiti cha mbele, akageuka na kuanza kunisifu, nikajua kuna jambo. Akasema nimesafiri vizuri, sijasumbua sana, na kwamba mdogo wake naye amepata chuo hukuhuku India, kwa hiyo kwenye mahafali yake itabidi ukoo uwakilishwe tena.

"Anasoma wapi?"

"Dehradun, Anko. Kaskazini. Kule kuna joto, nasikia ni balaa."

Hapo nikafurahi, nikamwambia nitakuja, waniandikishe mapema. Usiku, uwanja wa ndege, nikafungua ramani kwenye simu nione hiyo Dehradun iko wapi. Ipo, iko bondeni, na ukipandisha kilomita kama 35 kwa barabara ya kona unafika Mussoorie. Dada alikuwa akichungulia begani kwangu.

"Hapo juu kuna ukungu?" akauliza.