Jinsi ya Kusawazisha Ploti Lodwar Bila Kuisumbua Ofisi ya Mipango

Hongera, ndugu. Umepata ploti Kanamkemer, au pengine Kakuma, hatua chache kutoka barabara kuu. Unataka kujenga loji ya ghorofa moja yenye ukumbi wa mikutano, maana wageni wa mashirika hawaishi kuja, na wote hulala kwa risiti. Kikwazo ni kimoja tu: sheria. Fuata mwongozo huu nawe utafika pale walipofika wengi waliokutangulia.

1. Usiulize ardhi ni ya nani

Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zinasema kwamba ardhi ya jamii ni mali ya jamii, na ile ambayo bado haijasajiliwa hushikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana, kwa niaba ya wenyewe. Sehemu kubwa ya Turkana iko hivyo. Maelezo haya yanakatisha tamaa, kwa hiyo usiyasome. Tosheka na barua uliyouziwa na mtu aliyeuziwa na mtu aliyegawiwa.

Ukishauriwa uwaone wazee walioketi chini ya mti, sema huna muda. Wao wanao. Watangoja mpaka lori la kwanza la mawe lishushe mzigo, ndipo waje polepole na vigoda vyao mkononi. "Kijana wetu, wewe ni wa nani? Na hapa ulionyeshwa na nani?" Toa barua. Wataiangalia kwa heshima, wakurudishie, kisha waulize tena swali lilelile.

2. Tingatinga kwanza, fomu baadaye

Watu wengi huamini kibali ni cha kuta. Bahati mbaya, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inahesabu kazi yoyote inayofanywa juu ya ardhi kuwa uendelezaji: kuchimba, kujaza kifusi, kusawazisha. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, kufungwa hadi miezi miwili, au vyote viwili. Anaweza pia kuamriwa airudishe ardhi ilivyokuwa. Hebu fikiria kazi hiyo: kulipa tingatinga kwa saa ili kila kichuguu kirudi mahali pake.

Dawa ni kufanya kazi Jumamosi jioni, ofisi zikiwa zimefungwa. Vumbi lisikutie wasiwasi. Lodwar hakuna ajuaye vumbi la nani ni lipi.

3. Pima mto wakati wa kiangazi

Mji wa Lodwar umekaa kati ya Mto Turkwel na laga, yaani mto wa msimu, ya Kawalase. Kwa mwenye macho ya biashara, laga ni zawadi: tambarare, pana, na mchanga wa kujengea uko papo hapo. Mhandisi atakuja na mistari yake ya mwinuko akuulize maji yataingilia wapi na kutokea wapi. Mjibu kwamba huku mvua hainyeshi. Hutakuwa umedanganya sana, kwani Lodwar hupata takriban milimita 200 tu kwa mwaka. Usimruhusu akueleze kwamba mvua ya laga hunyesha kwingine, milimani, maji yakafika kwako usiku huku anga limejaa nyota. Waliojenga kando ya laga ya Tarach, kule Kakuma, wanayajua hayo, lakini nani ana muda wa kwenda kuwauliza?

Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliwekea ukingo wa mto ulinzi wa mita 6 hadi 30 kila upande, tena kwa kufuata kiwango cha juu kabisa cha mafuriko yaliyowahi kurekodiwa. Wewe pima kuanzia pale maji yalipo mwezi wa Februari. Utashangaa jinsi ploti ilivyopanuka. Kwa kipimo hicho, hata katikati ya mto ni mali yako.

4. Azima ramani

Msanifu majengo aliyesajiliwa hutoza pesa. Binamu yako aliyejenga Kitengela hatozi. Chukua ramani yake, ufute jina, uelekeze madirisha yote makubwa magharibi, kisha uwauzie wageni feni.

Na usijilinganishe na kambi ya wakimbizi. Mkimbizi wa Kakuma, asiye na hati ya ardhi ingawa kambi ipo tangu 1992, akiulizwa anakoishi atakutajia Kakuma ya ngapi, zoni gani, bloki gani, nyumba nambari ngapi. Makazi jirani ya wakimbizi ya Kalobeyei nayo yalichorewa mpango kwa msaada wa UN-Habitat, shule, masoko na njia zikatengewa nafasi zake. Wewe, mwekezaji wa manispaa, mgeni akikupigia simu atatoka Kalobeyei yenye mpango aje kwako "nyuma ya msikiti, ukiona tangi jeusi uliza".

5. Tafuta mtu, usitafute tarehe

Hapa kuna hatari kubwa kuliko zote. Sheria hiyo ya 2019 inasema kwamba mwombaji akikaa siku 60 bila jibu la maandishi, kibali kitahesabiwa kuwa kimetolewa. Maana yake, mtu wa kawaida anaweza kupata haki yake pasipo kumjua yeyote. Jikinge mapema. Usidai nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa. Mwachie faili kijana uliyemkuta mlangoni, umwambie utampigia. Sasa siku 60 zianze kuhesabiwa lini? Hapo hata wakili atakuna kichwa.

Kisha tafuta broka. Utamtambua haraka: kila mtu kwake ni mheshimiwa. Atakupigia Jumatatu: "Bosi, faili liko mezani, limebaki sahihi moja tu." Mtumie ya chai. Jumatano mtumie ya mafuta. Ijumaa mtumie ya kuonana na mkubwa, ambaye jina lake halitajwi kwenye simu. Baada ya miezi mitatu utagundua kwamba faili liko mezani kweli, ila ni meza ya hoteli anakonywea hiyo chai.

6. Ukikataliwa, nuna

Anayekataliwa ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti inayosikiliza mashauri ya mipango, na asiporidhika iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wewe zitumie siku hizo 14 kuwaeleza watu hotelini kwamba unahujumiwa. Ikifika siku ya 15 rufaa itakuwa imekupita, na malalamiko yako hayatakuwa na wa kuyapinga.

Ubaya wa rufaa ni kwamba lazima kwanza usome sababu za kukataliwa, nazo huenda zikawa kwamba mfereji uliouchora unamwaga maji jikoni kwa mama wa jirani. Mfereji hurekebishwa kwa kalamu, mezani kwa mhandisi, na ombi likarudishwa. Kuhujumiwa, kwa upande wake, ni kazi ya maisha, na uzuri wake haihitaji kibali.