Bure Iko Juu Mlimani

Sisi wanawake wa Yaeda Chini, huku bondeni, tunapendwa sana na vitu vya bure. Tatizo ni kwamba vinatupenda kutokea mbali. Juzi gari la matangazo limepita mnadani, kipaza sauti juu, likiwaita akina mama wote wa miaka 30 hadi 50 wafike kituo fulani huko mlimani wakapimwe saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi, bila malipo yoyote. Mtangazaji ni kijana wa watu, punde tu alikuwa akitangaza dawa ya kupe. Alipofika kwenye "mlango wa kizazi" akashusha sauti kwa heshima. Muuza mitumba akazima redio yake ili asikie vizuri. Wazee waliokuwa wameegemea fimbo wakageukia ng'ombe wao na kuwakagua meno upya.

Nieleweke vizuri: mimi sigombani na upimaji. Nagombana na mlima.

Hesabu ya hiyo bure nimeipiga, maana nyumbani kwetu mhasibu ni mimi. Bodaboda ya kupanda ni kuku wawili. Ya kushuka ni hao hao wawili na maneno juu, kwa sababu dereva anajua huna njia nyingine. Mtoto mdogo unaye mgongoni, huyo bado hatozwi. Kazi ya shamba ya siku hiyo imekufa. Mbuzi wameachiwa mtoto aliyepaswa kuwa shuleni. Ukifika unakuta foleni imeanzia getini, na wenye kukaa jirani na kituo wamewahi namba tangu alfajiri. Kisha unaingia, unapimwa, unaambiwa, "Mama, kuna kitu hapa kinahitaji matibabu kidogo, ila mashine ya kutibu haipo leo, urudi wiki ijayo." Shoga yangu mmoja ameambiwa hivyo. Amerudi bondeni akakaa kimya, kwa sababu kuku wameisha.

Halafu kuna suala la kalenda. Waliopanga miezi ya saratani hawajawahi kulima. Mwezi wa saratani ya mlango wa kizazi wameuweka Januari. Januari huku jembe liko mkononi na barabara imegeuka tope, hata trekta linaomba msaada. Mwezi wa saratani ya matiti ni Oktoba. Mijini watu wanavaa fulana za waridi na kutembea kwa hiari kilomita kadhaa asubuhi. Sisi Oktoba tunatembea pia, kwa lazima, na dumu la maji kichwani, kwa kuwa kiangazi kimefika ukingoni na visima vimekauka. Fulana hatujapewa.

Kinachoniuma zaidi ni kugundua jinsi kipimo chenyewe kilivyo kidogo. Nilidhani nitakuta dude la Ujerumani lenye taa na milio. Kumbe ni siki! Siki ya familia moja na ile ya kachumbari, asidi yake asilimia 3 hadi 5. Unajilaza, nesi anaweka kifaa cha kufungulia, anapaka siki kwa pamba kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, anamulika taa. Mahali palipoanza kuharibika panageuka peupe. Basi. Palipo salama panabaki na rangi yake. Ukikutwa na weupe na hali yako inaruhusu, unatibiwa kwa baridi ya gesi, au kwa kile kifaa kipya cha joto kinachoshikwa mkononi, nyuzi 100, sekunde 20 hadi 30. Kipo hata cha kutumia betri. Kuna viazi vinavyochukua muda mrefu zaidi kumenywa.

Ugonjwa wenyewe una subira ya ajabu. Tangu kirusi kinachouleta kiingie mwilini mpaka saratani isimame, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri inaweza kupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa ni miaka 5 hadi 10, ndiyo maana yeye anatakiwa kupimwa mapema zaidi na mara kwa mara. Miaka 15, jamani! Katika muda huo mtoto anazaliwa, anamaliza darasa la saba, na anaanza kukujibu. Bado Tanzania kila mwaka wanawake zaidi ya 10,000 wanakutwa na saratani hii, na zaidi ya 6,000 wanakufa nayo. Wengi wanafika hospitali damu ikiwa imeshatoka miezi. Hapo siki haina kazi tena. Unaanza kuulizia Bugando kule Mwanza, KCMC kule Moshi, au Ocean Road kule Dar es Salaam, kwenye majengo yaliyoanzishwa na Wajerumani miaka ya 1890. Mtu aliyeshindwa nauli ya kupanda mlima anaambiwa akaone bahari.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mkakati wake juu ya saratani hii mwaka 2020 na halikutaka makuu: mwanamke apimwe kwa kipimo kizuri akifika miaka 35, apimwe tena akifika 45. Mara mbili maishani. Diwani tunamwona mara nyingi kuliko hapo.

Mtanijibu kwamba bonde letu ni gumu kufikika. Hapo ndipo hasira yangu inapokaa vizuri. Chanjo ya watoto inafika huku. Chanjo inadekezwa kuliko bibi harusi: inataka barafu, inataka kisanduku maalumu, ikipata joto inaharibika. Lakini inafika! Kliniki za mkoba za mama na mtoto kutoka hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, zimezoea kuifuata jamii ya pembezoni kwa gari na hata kwa ndege ndogo. Chanjo yenyewe ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi imewafuata binti zetu shuleni. Ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 inatolewa dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Binti yangu alichomwa, akalia kidogo, akarudi kucheza rede. Sasa nauliza: chanjo inayotaka barafu inashuka mlima, siki isiyodai hata kivuli inashindwa nini?

Najua, siki haitembei peke yake. Inataka nesi aliyefundishwa, kitanda, taa, vifaa vilivyochemshwa, na chumba chenye mlango. Mlango unaofungika, nasisitiza, si pazia la kanga linalopeperushwa na upepo wa Yaeda mpaka foleni yote ikajua habari zako. Lakini hivyo vyote vinaenea nyuma ya gari moja. Na kama hata hilo ni zito, kuna njia nyingine ambayo Shirika hilo hilo la Afya Duniani linaipendekeza: mwanamke anajichukulia mwenyewe sampuli kwa kijiti cha pamba, faraghani, inapelekwa maabara kutafutwa kirusi. Mashine zile zile za GeneXpert zinazopimia kifua kikuu zinaweza kazi hiyo. Kwa ndugu zetu Wahadzabe wanaohama na msimu wa asali na matunda, na kwa mama wa Kidatoga anayefuata malisho, kijiti kinachowafuata ndicho chenye akili kuliko foleni inayowasubiri.

Turudi nyumbani, maana mlima mwingine umekaa pale kwenye kiti cha kukunja. Nilipomwambia baba watoto kwamba nataka kwenda kupimwa, alinitazama kama niliyetangaza kuhamia Dodoma.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa hospitali unakwenda kutafuta nini? Mwenye kutafuta ugonjwa huupata."

Huyu huyu, wataalamu wa mifugo wakija kuchanja, anaamka kabla ya jogoo. Ng'ombe wanapelekwa josho wakiwa wanene, wanang'aa, wanacheza. Sijamsikia akimuuliza ndama, "Unaumwa?" Kwa ng'ombe anajua kabisa kwamba ukisubiri mpaka akohoe umechelewa. Kwa mke anasubiri kikohozi. Nikamwambia basi nivishe hereni ya sikioni, unihesabu kwenye zizi, nipelekwe na mimi. Akasema sina adabu. Nauli akatoa.

Kuna kipande kingine cha somo ambacho wanaume hawakipendi, nami nakisema polepole ili kiingie. Saratani ya mlango wa kizazi chanzo chake ni kirusi cha HPV. Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua hilo, kwa hiyo si maneno ya shangazi. Kirusi hicho hakiji na vumbi la Ziwa Eyasi. Kinapita katika tendo la ndoa, na mwanaume anaweza kukibeba bila kuwashwa hata ukucha. Hapo siwatuhumu watu uzinzi, kwa maana karibu kila mtu hukutana nacho wakati fulani na miili mingi hukifukuza yenyewe. Nasema tu kwamba aliyesaidia kuleta mgeni asione taabu kuchangia nauli ya kwenda kumtazama.

Majirani zetu Wadatoga wana jambo ninalowaonea wivu. Wanawake wao wana baraza lao, girgwageda gademga. Mwanaume akimtendea mwanamke ubaya unaogusa uzazi wake, akina mama wanakusanyika, wanamhukumu, wanamtoza ng'ombe. Watafiti waliliandika tangu miaka ya 1960. Sasa mume anayemzuia mkewe kupimwa mlango wa kizazi, hajagusa uzazi huyo? Mimi ni Mwiraqw, sina kiti kwenye baraza lile. Wakinihitaji kwa ushahidi nitakuja na kigoda changu.

Matiti nayo yana kero zake. Mashine ya kuyapiga picha ni ya hospitali kubwa, huku tunayemtegemea ni nesi na vidole vyake, naye akiwa amefundishwa ni msaada mkubwa. Zaidi ya hapo tunashauriwa tuyajue wenyewe: uvimbe, ngozi kuvutika, chuchu kuingia ndani au kutoa damu. Ushauri mzuri. Ila aliyeutoa hana watoto wanaoingia chumbani bila hodi kuuliza daftari liko wapi. Mama mkwe alinikuta siku moja nimesimama mbele ya kioo mkono juu, akaniuliza naapa kwa nani. Nilipomweleza, alikaa kimya, kisha akaniomba nimwangalie na yeye. Tumekosana kwa mambo mengi, hilo tukalimaliza salama, na tangu hapo ananisalimia kwanza.

Sasa madai yangu, na si mengi. Huduma ije siku ya mnada, kwa kuwa siku hiyo kila mtu yupo, Mwiraqw, Mdatoga, Mhadzabe na Mnyisanzu. Aje nesi mwanamke, pamoja na mtu wa kutafsiri kwa wale ambao Kiswahili kwao ni cha kununulia chumvi tu. Kifaa cha kutibu kipande gari moja na siki, atakayekutwa na weupe atibiwe siku hiyo hiyo. Na atakayehitaji kwenda mbele apewe nauli pamoja na barua, maana barua peke yake haipandi bodaboda.

Mtauliza hela zitatoka wapi. Nilikuwa nawasubiri hapo. Vijiji vya bonde hili vimekuwa vikiuza hewa ukaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, kupitia mradi wa Carbon Tanzania ulioanza na Wahadzabe. Miti inasimama bila kukatwa, walio mbali wanailipia, na vijiji vinakaa kupanga matumizi: matibabu, karo, posho za walinzi wa msitu. Safi kabisa. Mkutano mkuu wa kijiji unakuja, na mimi nimeshatayarisha swali langu, fupi, la kusimama na kukaa: Ndugu mwenyekiti, kijiji kinachouza hewa kinashindwaje kununua siki? Na asithubutu kuniambia tutalijadili kwenye mengineyo.