Dharura ya Shemeji

Mafunzo ya ubingwa wa tiba ya dharura yalianza Muhimbili mwaka 2010. Miaka 3 daktari anafundishwa kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali: asiyepumua mbele, mwenye mafua asubiri. Masikini, wanampotezea muda! Mtaani kwetu foleni hupangwa kwa ujomba.

Juzi mpwa wangu, daktari wa dharura, karudi kutoka zamu ya usiku, macho mekundu, chapati mkononi hata hajaing'ata. Shemeji huyo, kamvaa mlangoni.

"Daktari, nina kipele."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Pasaka."

Kijana akapiga mwayo, akauliza kwa adabu kama kinaweza kungoja alale kidogo.

"Kingoje vipi, na harusi ni kesho?"