Jinsi ya Kununua Nyongeza ya Gemu Ukiwa Nduguti

Kwanza, usiulize bei. Ukiuliza bei utaanza kupiga hesabu, na hesabu haijawahi kumfurahisha mtu. Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring iliyotoka Juni 2024, iliuzwa dola 40, yaani laki moja na ushee. Mwenye kibanda cha gemu anayetoza shilingi 300 kwa mechi anahitaji mechi kama 350 kuirudisha, bado hajanunua Luku, bado hajatengeneza pedi iliyobamizwa chini na aliyefungwa dakika ya tisini.

Halafu ukishalipa huingii. Sharti uwe na gemu lenyewe, kisha uwaue maadui wawili wa humo, Radahn na Mohg, ambao wana uwezo wa kukutandika wiki nzima. Lipa, upigwe, ndipo ufunguliwe mlango.

Mkulima wa alizeti wa Nduguti hahitaji kueleweshwa sana hapa. Anaijua lumbesa: gunia limeshindiliwa mpaka likavishwa kilemba, na mlanguzi analipa bei ya gunia moja. Kampuni ya gemu nayo hukivua kilemba, ikakuuzia gunia, mwakani ikarudi kukuuzia kilemba. Si zote, tuseme ukweli. Mwaka 2016 The Witcher 3 ilileta Blood and Wine kwa dola 20, nchi mpya kabisa na zaidi ya saa 20 za kucheza. Lakini mambo ya haki yanaharibu mwongozo, tuyaache.

Tafuta kitu cha hadhi zaidi, mfano vazi la chuma la farasi. Watengenezaji wa gemu Bethesda waliliuza mwaka 2006, kwenye gemu la Oblivion, kwa dola 2.50, wakachekwa dunia nzima, na bado watu walinunua. Usiwashangae. Mvishe bati punda wa mkokoteni wa maji uone kama Nduguti nzima haitatoka nje kuangalia.

Kama wateja wako ni wa mpira (na ni wa mpira, usijidanganye), nunua nyongeza ya mashindano. Mfano mzuri ni UEFA Euro 2012, iliyopachikwa juu ya FIFA 12 kwa dola 20 hivi. Ilitoka Aprili, na fainali yenyewe ikapigwa Julai mosi. Kitu cha namna hiyo ukikipakua kwa bando la simu, ukachagua la usiku, likikatika ukanunua jingine, kitakuwa tayari wakati bingwa keshavalishwa medali.

Sasa pandisha mechi iwe 500. Andika kwa chaki mlangoni: MZIGO MPYA. Kijana wa kwanza atalipa, atashika pedi, atazipitia timu zote polepole, atarudi mwanzo, atazipitia tena.

"Kaka, mbona Yanga siioni?"

Mwambie hiyo iko kwenye nyongeza inayofuata.