Sifa za Faili la Mistari Mitatu

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini ninayetaka kumsifu leo hana hatari hiyo, maana tangu azaliwe hakuna aliyempa hata ahsante. Machungwa ya Muheza yameshasifiwa. Siti binti Saad aliandikiwa wasifu na Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani. Mimi nimebakiwa na /etc/resolv.conf, faili la maandishi matupu linalokaa ndani ya mashine za Unix na Linux na kuziambia: mkitaka kujua jina fulani lina anwani gani, kamuulizeni fulani.

Tulisifu kwanza kwa adabu. Neno "nameserver", nafasi, kisha namba, basi. Mistari ya namna hiyo husomwa mitatu tu. Ukiongeza wa nne, faili halikugombezi, linaupita kimya. Ukikosea ukaandika "nameservers", pia kimya. Wapo wakubwa wa ofisi mjini hapa Tanga wasioweza kuona kosa la karani bila mtaa mzima kujua. Faili hili linakusitiri aibu yako mpaka mwisho, na mwisho wenyewe ni saa tisa alasiri kwenye steshenari ya Ngamiani, wanafunzi wanaoomba mikopo ya chuo wamejaa hadi barazani.

"Fundi, intaneti imekata!"

"Haijakata, mama."

Fundi anaandika ping na namba, 8.8.8.8, majibu yanarudi moja baada ya jingine. Anaandika ping na jina: kimya kirefu, halafu ujumbe kwamba jina limeshindwa kutafsiriwa kwa sasa. Mama mwenye duka anamtazama kama tapeli. Na haya yanatokea Ngamiani, mahali ambapo barabara zenyewe zinaitwa kwa namba, ya sita, ya nane, ya kumi na mbili, na mgeni anafika bila kupotea. Intaneti ingeundwa na watu wa Ngamiani, faili hili lisingekuwa na kazi.

Bahati mbaya iliundwa na Wamarekani, nao wanapenda majina. Zamani majina yote ya mtandao wao yaliandikwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na taasisi ya SRI huko California, na kila mwenye kompyuta alikwenda kulinakili. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akachapisha DNS, mpango wa kuigawa kazi hiyo duniani kote, na wanafunzi wa Berkeley wakaandika programu ya BIND kwa ajili ya Unix. Sisi tuna .tz yetu tangu 1995. Kwa hiyo kijana wa Chumbageni akitafuta tovuti ya co.tz, swali lake hupitishwa kutoka seva hadi seva mpaka jibu lipatikane, na safari yote hiyo inategemea mstari mmoja ambao fundi aliuandika huku akinywa chai.

Sasa njoo kwenye subira. Seva ya kwanza ikifa, mashine huingoja sekunde 5 kabla ya kwenda kwa ya pili. Ya pili inajibu vizuri, mambo yanaendelea. Ungedhani somo limeingia. La! Jina linalofuata, hodi ya kwanza inapigwa tena kwa marehemu, sekunde 5 nyingine. Mtu anayesahau ubaya kwa kasi hiyo tungemwita walii.

Hata majanga hulitukuza. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zilipata hitilafu baharini upande wa Afrika Kusini, nchi ikabaki inatambaa. Ukiwa umeandika humo seva za ng'ambo tupu, siku kama ile hata tovuti iliyo Dar es Salaam unaweza kuikosa kwa jina, ilhali waya wa kwenda Dar hauna neno. Faili limetii ulichoandika. Umeliambia likaulize ughaibuni habari za Kariakoo, nalo limekwenda.

Ukarimu wake ndio unaonitoa machozi. Halimnyimi mtu kalamu. DHCP inaandika humo, NetworkManager inaandika, VPN inaandika, na systemd-resolved inaweka 127.0.0.53 yake pamoja na onyo kwamba usiguse kwa mkono. Namba zako ulizozipanga asubuhi ni waja leo: ukiwasha upya mashine zimeshaondoka. Linganisha na ndugu yake, /etc/hosts, bahili asiyesahau. Mtu aliandika humo anwani ya seva ya ofisi, seva ikahamishwa, fundi akaacha kazi, na kompyuta ile moja bado inakwenda kwenye anwani ya zamani, kwa kuwa nsswitch.conf, faili linalopanga zamu, limesema "files" itangulie "dns".

Wako mafundi wanaochoshwa na ukarimu huo wakalifunga kwa amri ya chattr +i, asiweze kuandika humo hata root, msimamizi mkuu wa mashine. Hapo ndipo faili linapofikia daraja la ushujaa. Mwenye kompyuta anaichukua kwenda Pangani wikiendi, analipia chumba kinachotazama bahari, intaneti imo ndani ya bei. Wageni wote wanaangalia mpira. Yeye mashine yake inaendelea kuiuliza seva ya 192.168.1.10, ambayo imebaki chini ya meza ya mhasibu Chumbageni, na ofisi ile haifunguliwi mpaka Jumatatu.