Wewe ni nani yake? Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya wazee,

Kwa heshima na taadhima, naomba radhi kwa kukuandikia hadharani. Najua meza yako ina mengi mazito kuliko haya ya mwananchi wa kawaida kama mimi.

YAH: OMBI LA NDUGU NA MARAFIKI KUSHIRIKISHWA KATIKA MIPANGO YA MATUNZO YA WAZEE MAKAZINI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, kwa miaka mingi nilicheza bao barazani na mzee mmoja, fundi cherehani wa mtaani kwetu. Mkewe alipofariki na macho yake yakaisha nguvu, alipelekwa kwenye makazi ya wazee. Mtoto hakuwa naye. Nilipokwenda kumwona niliulizwa getini, "Wewe ni nani yake?" Nikajibu, rafiki. Nikaruhusiwa kumsalimia, ila habari za hali yake nikaambiwa ni za ndugu.

Nilimkuta amekonda. Wahudumu, ambao nawashukuru kwa dhati kwa sababu ni wachache na kazi yao ni nzito, waliamini amegoma kula. Alikuwa akipelekewa sahani yake kitandani, naye anageukia ukutani. Sisi wa barazani tungeulizwa, tungesema kwamba mzee yule tangu utotoni amekula kwenye sinia na wenzake, na tonge la peke yake halimpiti kooni. Tena sikio lake la kushoto halisikii tangu ujana, hivyo ukimsemesha upande huo asijibu, si ukaidi. Mhudumu mmoja alinisikiliza. Kesho yake akamketisha mkekani na wazee wawili, sinia moja ya wali na maharage. Alikula.

Jambo hilo halikuandikwa popote. Mhudumu yule alipohamishwa, sahani ikarudi kitandani.

Ninatambua, Mheshimiwa, kwamba Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa msingi wa matunzo, na makazi kuwa kimbilio la mwisho la wasio na wa kuwatunza. Ndiyo maana naona neno "ndugu" peke yake halitoshi. Makazi kama Nunge, Kolandoto, Bukumbi na Njoro yapo kwa ajili ya wazee ambao mara nyingi ndugu zao hawapo au hawajulikani walipo. Anayebaki ni jirani, mwenzake wa msikitini au kanisani, au kijana aliyefundishwa naye kushona.

Kwa unyenyekevu mkubwa naomba, ikikupendeza, uagize kwamba Afisa Ustawi wa Jamii anapoandaa mpango wa matunzo amuulize kwanza mzee mwenyewe: ungependa tumwite nani? Awe mtoto, awe shemeji, awe mcheza bao mwenziwe, aitwe na asikilizwe. Jina lake na namba yake ya simu viwekwe kwenye jalada, na mpango ukibadilika apigiwe. Kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu haja ya mtu kama huyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa hawezi tena kujisemea.

Najua ipo hofu ya ndugu wanaofuata kiwanja kuliko mzee. Hofu hiyo ina msingi, watu wa namna hiyo nimewaona kwa macho yangu. Kwa sababu hiyo uchaguzi uwe wa mzee, na akisema fulani simtaki, fulani asiitwe.

Rafiki yangu alifariki kabla ya Ramadhani. Habari zilinifikia siku ya nne baada ya maziko, maana namba yangu haikuwemo kwenye jalada lake. Wapo wazee wengi makazini ambao leo bado wanaweza kuulizwa wamwite nani. Nakusihi, Mheshimiwa, waulizwe.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Rafiki wa mzee