Mjomba, Karavani na Sahani ya Lori

Mjomba wangu alinunua karavani kwa sababu ilikuwa rahisi. Ilikuwa rahisi kwa sababu kuanzia Pemba ya Msumbiji hadi mto Ruvuma hapakuwa na mtu mwenye kitu cha kuivutia. Hilo la pili muuzaji hakulitaja.

Ilikuwa miaka ile ya neema. Gesi ilishagunduliwa baharini mwaka 2010, na Palma, mji wetu wa wavuvi na minazi kwenye ghuba ya Tungui, ukaanza kupokea wageni wenye kofia ngumu waliokuwa tayari kulipia chumba kwa dola. Kila mwenye kuta nne na bati akajiona ana hoteli. Kuta za Mjomba zilikuwa zimejaa watoto, kwa hiyo akaenda kutafuta kuta zenye magurudumu. Kule Mocímboa da Praia, kilomita 80 hivi kusini kwetu, mkandarasi mmoja alikuwa amemaliza kazi na anaondoka, na nyumba yake ya kukokotwa inauzwa: vitanda viwili, jiko, friji, choo chenye mlango, na sofa. Mjomba alikaa kwenye sofa kuijaribu, akapitiwa na usingizi, na alipoamka akalipa.

Karavani tulizozizoea, zile wanazokuja nazo Waafrika Kusini wakifuata samaki, mbele zina mkono wa chuma wenye kikombe, na kikombe hicho hufunika bola ya milimita 50 iliyofungwa nyuma ya gari. Hii ya Mjomba haikuwa na mkono wala kikombe. Sehemu yake ya mbele ilikuwa imeinuliwa juu, na chini yake ikaning'inia pini nene ya chuma, inchi mbili kamili. Pini hiyo haina shughuli na bola. Inataka sahani nzito ya chuma, yenye mwanya kwa nyuma na taya katikati, iliyokaa juu ya ekseli ya nyuma ya gari linalovuta. Pini ikiingia, taya zinafunga, na tela inaegemea mgongo wa gari badala ya kulivuta mkia. Ndiyo maana tela za namna hiyo haziyumbi hovyo. Ndiyo maana pia haziwezi kufungwa kwa kamba ya jahazi, ingawa hilo ndilo lilikuwa pendekezo la kwanza la baraza.

Baraza lilikaa Mocímboa, nje ya gereji ya fundi, kwa sababu Mjomba hawezi kununua hata kiberiti bila baraza. Alikuwepo mzee aliyewahi kuwa hamali bandarini, nahodha mstaafu, mwalimu wa madrasa, fundi mwenyewe, na mimi niliyeitwa kutoka Mtwara kwa sifa ya kusoma maandishi madogo. Pwani yetu mkubwa hakosolewi, anaongezewa. Mzee akisema bola itatosha, husemi haitoshi. Unasema, "Naam, shikamoo babu, na tukipata na sahani itakuwa nzuri zaidi."

"Bola ninazo," fundi akasema, akaleta mbili. Moja ya milimita 50, nyingine ya Kimarekani, inchi moja na saba ya nane, yaani milimita 47.6. Kwa macho ni mapacha. Mzee wa bandarini akaichagua ile ndogo kwa sababu ilikuwa inang'aa. Hakuna bola ya hatari kuliko hiyo: kikombe cha 50 hukaa juu yake kwa adabu zote mpaka tuta la kwanza, halafu gari huenda Palma na tela huenda porini. Bahati yetu karavani haikuwa na kikombe cha kuiwekea.

Hapo nikaona nafasi ya kutoa elimu. Nikawaeleza kuwa mwaka 1914, huko Detroit, Marekani, mhunzi aitwaye August Fruehauf aliombwa na mfanyabiashara wa mbao, Frederick Sibley, amtengenezee chombo cha kubebea mashua yake, kikokotwe na gari la Ford. Fruehauf akaunda tela inayoegemea nyuma ya gari, na kutokana na kazi hiyo ikatokea kampuni kubwa ya matela.

"Mashua?" akauliza nahodha, aliyekuwa kimya tangu asubuhi.

"Mashua, nahodha."

"Basi hiki ni chombo cha pwani. Mbona mnakihangaikia kama kigeni?"

Baada ya hapo kila mtu alizungumza kwa kujiamini zaidi, jambo ambalo sikulikusudia. Nikazidisha. Nikasema mtengeneza ndege Glenn Curtiss, mwishoni mwa miaka ya 1920, aliuza karavani zilizounganishwa na gari kwa tairi la ndege lililolazwa bapa, ili mtikisiko upungue. Mjomba papo hapo akamtuma mtoto uwanja wa ndege wa Mocímboa akaulize tairi. Mtoto alirudi jioni na salamu.

Tukarudi kwenye hesabu. Karavani ilikuwa na uzito wa tani mbili hivi. Tela ya bola huweka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye gari. Tela ya pini huweka asilimia 15 hadi 25. Nikasema, kwa hiyo pikapu ya Mjomba itabebeshwa kilo 300 mpaka 500 kabla hajapanda mtu. Mjomba akabadilisha kuwa magunia ya mchele, akapata sita mpaka kumi, akatabasamu. Magunia kumi pikapu yake ilishabeba mara nyingi, tena na wanawake wa harusi juu yake.

Tatizo lilikuwa jingine, na aliyeligundua ni fundi, siyo mimi msomi. Pikapu ya Mjomba ilikuwa ya milango minne, na gari la milango minne hulipia milango yake kwa ufupi wa bodi. Fundi akachukua mshipi wa kuvulia, akapima upana wa karavani: mita 2.4. Akaukunja katikati, akaenda nao kwenye pikapu, akaushika juu ya ekseli ya nyuma, akaunyoosha kuelekea mbele. Ncha ikapita kioo cha nyuma ikaingia mpaka kiti cha abiria.

"Ukikata kona kali," akasema, "pembe ya karavani inakuja kukaa na wewe ndani."

Wenzetu wenye bodi fupi hununua sahani yenye reli, inayorudi nyuma wakati wa kukata kona. Nikalisema hilo. Fundi akaniuliza inauzwa wapi. Nikanyamaza. Mwalimu wa madrasa akashauri tusikate kona kali, ushauri mzuri kabisa kwa mtu asiyejua njia ya gereji ile.

Hata hivyo Mjomba alikuwa amekwisha kumtafuta muuza vyuma chakavu, naye akaleta sahani kutoka kwenye lori lililokufa. Ilikuja kwenye mkokoteni, vijana wanne wakisukuma. Sahani ya lori peke yake ina uzito wa zaidi ya kilo mia, na imeundwa kubebeshwa matani. Walipoitua kwenye bodi, mkia wa pikapu ukashuka, pua ikapanda, na taa za mbele zikaelekea juu ya minazi. Nahodha akasema chombo kimepakiwa vibaya, shehena iende mbele. Mbele walikuwa wamekaa Mjomba na mkewe, mke akashuka akaenda zake bila kuaga.

(Ninaposema Mocímboa na Palma najua msomaji anafikiria mengine. Barabara ile hutajwa kwa habari nyingine tangu Oktoba 2017, na baraza lile limetawanyika, wengine Pemba, wengine Nampula, wengine ng'ambo ya Ruvuma. Nikiwauliza habari za vita hawataki. Nikiwauliza habari za karavani wanazungumza mpaka chai inapoa.)

Ufumbuzi ulipatikana kwa kuangalia ng'ambo ya barabara. Kichwa cha lori kilikuwa kimeegeshwa pale, kimeacha tela yake mjini, kinarudi Palma kitupu. Nyuma yake kilibeba sahani iliyopakwa grisi, tayari. Na pini ya karavani ile, kwa kuwa ni inchi mbili, ni saizi ileile ya pini za malori mengi barabarani. Kitu kilichotukosesha usingizi kilikuwa kinapita mbele yetu kila baada ya saa moja, kikitutimulia vumbi.

Dereva alikuwa kijana mpole kutoka Nampula. Aliiangalia karavani, akamwangalia Mjomba, akasema atavuta kwa bei ya petroli ya pikapu. Akarudisha kichwa taratibu, utingo akimwongoza kwa kupiga ubavu, mpaka taya zikalia *kla!* Dereva akashuka, akachungulia chini na tochi kuhakikisha taya zimeikumbata pini na hakuna uwazi kati ya sahani na tela, akapanda, akavuta kidogo miguu ya tela ikiwa bado chini. Haikuachia. Katika watu wote waliohusika na safari hii, yeye peke yake alikagua kitu.

Kisha wakafika kwenye nyaya. Breki za lori ni za upepo. Za karavani zilikuwa za umeme. Hizo hazielewani, wakaziacha. Lakini taa, utingo alisema, taa ni taa. Akaunga waya kwa waya. Lori lina volti 24, karavani ina 12, na kwa muda mfupi sana karavani ya Mjomba ilikuwa nyumba yenye mwanga kuliko zote mkoani Cabo Delgado. Taa za nyuma, za jikoni, za chooni, hata taa ndogo ya ndani ya friji, zote ziliwaka nyeupe, watoto wakashangilia, halafu zikazima moja baada ya nyingine. Harufu ilibaki.

"Zilikuwa nzima," Mjomba akasema. "Mmeona wote zilikuwa nzima."

Sheria ya Msumbiji inataka mwenye kuvuta tela aweke alama ya pembetatu ya njano kwenye kibao cha buluu, mbele ya gari na nyuma ya tela. Hiyo tuliitimiza barabara, kwa rangi iliyobaki ya mashua ya nahodha. Askari wa njiani aliisifu sana pembetatu yetu, na kwa kuwa ilikuwa mchana, habari ya taa haikuzuka.

Sasa, kukaa ndani ya tela inapokokotwa ni marufuku, na ni hatari, na Mjomba aliambiwa hivyo na dereva, na fundi, na mimi, na mwalimu akaongeza aya. Alijibu kuwa hakununua sofa ili aende kwao kwa miguu ya watu wengine. Baada ya kizuizi, lori liliposimama tununue korosho, akateleza akaingia ndani akajifungia.

Lami ilipoisha tulikuwa kwenye kichwa cha lori, dereva, utingo na mimi, tukipiga soga. Kichwa kilichozoea kuvuta matani ishirini na zaidi hakijui kama nyuma yake kuna karavani. Springi zake ni ngumu, kila shimo linapita moja kwa moja kwenye sahani, kutoka kwenye sahani linapanda kwenye pini, na kutoka kwenye pini linaingia sebuleni. Mjomba alipiga kelele, hatukusikia. Alipiga simu, mtandao haukuwepo. Makabati yakafunguka. Friji ikatoka mahali pake ikamsogelea. Mlango wa choo tuliuokota kesho yake kwa msaada wa mchunga mbuzi.

Tulipoingia Palma watoto walikimbia nyuma yetu wakiimba, na katika kioo cha nyuma cha karavani wakaona mzee wa vumbi akiwapungia mkono. Wengine waliacha kuimba.

Dereva alikuwa na haraka ya swala ya alasiri. Alisimama palipokuwa na nafasi, utingo akazungusha miguu ya tela mpaka ikagusa mchanga, akavuta mpini, taya zikaachia, kichwa kikasogea mbele, wakaaga. Palipokuwa na nafasi ni mbele ya ua wa bibi mmoja muuza vitumbua. Usiku ule miguu ikazama mchangani kiasi cha goti. Bibi alipotoka alfajiri na kinu chake akaikuta nyumba nzima mlangoni kwake, na jamaa mwenye kanzu ya kijivu, ambayo jana yake ilikuwa nyeupe, amelala kwenye ngazi.

"Shikamoo, mama," Mjomba akaamka.

"Marahaba. Utaiondoa lini?"

Mjomba akatazama pini iliyoning'inia hewani bila mwenzake, akaanza kumweleza habari za Fruehauf.

Mpangaji wa kwanza alikuja baada ya Mjomba kurudisha mlango na kufunga friji kwa kamba ya jahazi. Alikuwa mhandisi, mtu mtaratibu, akakagua vitanda, akala vitumbua viwili vya bibi, akaridhika na bei. Jambo moja tu lilimsumbua. Alitaka upepo wa bahari. Je, haiwezekani kuisogeza mita mia hivi kuelekea ufukweni?

"Inawezekana sana," Mjomba akasema. "Wewe umekuja na gari gani?"

"Land Cruiser."

"Milango mingapi?"